Hodi ya Mlango wa Stoo

Nilipomwambia shangazi kwamba nataka kumfungia sensa kwenye mlango wa stoo, aliacha kuhesabu noti, akaniangalia. "Sensa si walipita mwaka 2022? Sasa wanahesabu nini tena, soda?"

Shangazi ana duka la vinywaji Tandika, jumla na rejareja. Nyuma ya duka, ukipita kiuchochoro ambacho watu wawili hawapishani, iko stoo ya kreti: mlango wa chuma, kufuli moja, na usiku hakuna anayelala karibu. Mlinzi wa mtaa yupo, ila huyo ana mtaa mzima. Kreti mbili zilishaondoka bila kuaga. Mimi mchana nahangaika na makaratasi ya forodha kwenye ofisi ya watu, usiku nikirudi Tabata nachezea maikrokontrola, vikompyuta vya chipu moja, mezani, kati ya sahani ya chakula na pasi. Nikaona hii ni kazi ya wiki moja: mlango ukifunguliwa, simu ya shangazi ipate meseji. Ilinila miezi minne, na sehemu kubwa ya miezi hiyo iliishia kwenye jambo moja nililodhani nalijua, yaani intarapti: namna ya chipu kukatizwa kazi pini yake ikiguswa.

Nianze na sensa yenyewe, maana haina maneno mengi. Ni vipande viwili vya plastiki. Kimoja kina sumaku. Kingine kina kibomba cha kioo chembamba kama njiti ya kiberiti, na ndani yake vibati viwili vya chuma ambavyo havigusani. Sumaku ikisogea, vibati vinashikana, ikiondoka, vinaachana. Basi. Walter Ellwood wa maabara za Bell, Marekani, alikibuni mwaka 1936, na ukikivunja cha leo utakuta wazo ni lile lile. Mimi nilinunua zile nyeupe za MC-38 Kariakoo. Ile gundi ya mgongoni usiitegemee kwa joto la Dar; piga skrubu.

Mlango wa chuma nao una vituko vyake. Chuma kinaipoteza nguvu ya sumaku pembeni, kwa hiyo sensa ambayo kwenye mbao inashika kwa umbali wa sentimita moja na nusu, kwangu ilikuwa inashika ikikaribia kabisa kugusana. Nilikata soli ya ndala kuukuu vipande viwili, kimoja nikakiweka chini ya sumaku, kingine chini ya mwenzake, vyote vikainuka kutoka kwenye chuma. Tatizo likaisha. Kama kuna kitu nilichofanya kwenye mradi huu bila kukosea, ni ile ndala.

Waya mmoja wa sensa niliupeleka kwenye GND (upande wa sifuri wa umeme), wa pili kwenye pini namba 2 ya Arduino Uno, bodi yenye maikrokontrola yangu, nikawasha rezista ya ndani inayoivuta pini juu. Mlango ukiwa umefungwa, pini inasoma sifuri; ukifunguliwa, inasoma moja. Wengine hupenda kinyume chake. Mimi napenda hivi kwa sababu mwizi akiukata waya, pini inasoma moja vile vile: amejitangaza mwenyewe. Meseji inatumwa na moduli ya SIM800L, kitu chenye kiburi sana. Inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na ikianza kuongea na mnara inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Ukiilisha kutoka kwenye pini ya 5V ya Arduino utakesha. Ipe betri ya lithiamu moja kwa moja, mtaelewana.

Programu ya kwanza ilikuwa ya kuchungulia. Lupu, yaani sehemu ya programu inayojirudia bila kikomo, inazunguka, inasoma pini, ikiona moja inatuma meseji, inaendelea kuzunguka. Wanaoanza huambiwa kwamba huu ni ushamba, kwamba fundi wa kweli anatumia intarapti. Mimi pia niliambiwa, nikaamini, na imani hiyo imenigharimu usingizi. Uno inakimbia kwa megahezi 16. Lupu tupu inaweza kuisoma pini zaidi ya mara laki moja kwa sekunde. Hata mwizi mwenye haraka hafungui mlango wa chuma, akapita na kuurudisha, ndani ya nusu sekunde. Mbele ya chipu, mlango ni kobe.

Shida ilikuwa kwamba programu ikishaanza kutuma meseji, haichungulii tena. Inaiambia moduli andika, inasubiri jibu, inaiambia tuma, inasubiri mtandao ukubali. Sekunde tano, kumi, mtandao ukiwa mzito zaidi ya hapo. Siku ya majaribio shangazi alifungua, akafunga, akafungua tena papo hapo, akafunga, akasimama na simu mkononi kama anayesubiri muamala. Meseji ikaja moja.

"Mwanangu, mimi nimeingia mara mbili. Huyu wako kaniona mara moja."

Nikarudi Tabata nimeshajua dawa ni intarapti. Na kwa kweli wazo lake halihitaji mtu kusomea. Kwetu hakuna anayekaa dirishani kutwa nzima kuchungulia kama mgeni kafika. Unapika, unafua, unasinzia. Mgeni akija atapiga hodi, na hodi inakatiza ulichokuwa unafanya. Ndani ya chipu ni hayo hayo. Umeme kwenye pini ukibadilika, chipu inamalizia amri iliyo mkononi, inaweka alama ilipofikia, inakimbilia kipande kifupi cha programu ulichokiandaa kwa ajili ya pini hiyo, kisha inarudi pale pale ilipoachia. Kwenye Uno pini zenye hodi ya peke yake ni mbili tu, namba 2 na 3. Nyingine zinapiga hodi kwa makundi, na ni juu yako kujua nani kagonga.

Nikachukua kazi yote ya kutuma meseji nikaitia ndani ya kile kipande kifupi. Mlango umefunguka, si ndiyo? Basi tuma hapo hapo. Nilipoujaribu, kifaa kikafa. Hakikuzima, taa inawaka, ila hakisemi wala hakisikii. Nikabonyeza riseti, kikafufuka. Nikatenganisha sumaku, kikafa tena.

Nilipoteza Jumapili mbili hapo. Kumbe ukiwa ndani ya intarapti, chipu hii imeziba masikio kwa intarapti nyingine zote mpaka utoke. Na ile saa ya `millis()` inasogezwa na intarapti. Herufi zinazorudi kutoka kwenye moduli ya simu, nazo zinapokelewa kwa intarapti. Programu yangu ilikuwa imesimama mlangoni inasema, "Nasubiri jibu, nisipolipata kwa sekunde kumi naondoka," huku imeziba mlango ambao jibu lingepitia, na imesimamisha saa ambayo ingehesabu hizo sekunde kumi. Ingesubiri mpaka kiama.

Mtoto akitumwa kuitikia hodi hachemshi chai pale mlangoni. Anaitikia, anakimbia kumwambia mama, kazi yake imeisha:

```
volatile bool hodi = false;

void mlangoUmegongwa() {
  hodi = true;
}
```

Mengine yote yanafanywa na lupu kwa nafasi yake, ikiona bendera, yaani hiyo `hodi`, imepanda. Hilo neno `volatile` usilione la mapambo. Nililisahau siku moja, nikaandika lupu ndogo ya kusubiri bendera ipande. Kompaila, inayogeuza maandishi ya programu kuwa lugha ya chipu, ikatazama ndani ya lupu ile, ikaona hakuna anayeigusa bendera, ikaamua kuiangalia mara moja tu inatosha. Ilidhani inanisaidia. `volatile` ni kuiambia: kuna mwingine anaigusa hii, iangalie kila mara. Na kama unachopokezana si bendera bali namba ya baiti nne, mfano muda wa tukio, zuia intarapti kidogo wakati unainakili. Chipu ya biti 8 inabeba baiti moja moja, na hodi ikigonga katikati ya safari utabaki na nusu ya zamani na nusu ya mpya.

(Mnaotumia ESP8266, chipu ya familia nyingine, kwenu kuna nyongeza: kipande cha intarapti lazima kikae kwenye RAM, kiwekewe `IRAM_ATTR`, la sivyo kifaa kinaanguka, na pini ya GPIO16 haina intarapti kabisa. Kwenye ESP32, pini 34 hadi 39 hazina rezista ya ndani ya kuvuta, kwa hiyo ukiunga sensa hapo bila rezista ya nje utaongea na majini.)

Nami ya majini yalinifika bila hata ESP32.

Kwa kuwa shangazi alitaka kila kufunguliwa kuhesabiwe, bendera niliibadilisha kuwa kihesabu: kila hodi inaongeza moja, na lupu inatuma meseji moja kwa kila hodi. Asubuhi ya kwanza alifungua stoo mara moja, akapata meseji tano. Hilo nililitegemea kidogo. Vile vibati vikigongana vinadundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na kila mdundo ni hodi. Halafu kuna mdundo wa pili ambao hausemwi sana: mlango wenyewe. Mlango wa chuma ukiegeshwa bila kufungwa vizuri, lori la mchanga likapita barabarani, sumaku inachezacheza pale pale kwenye mpaka wa kushika na kuachia. Huo si wa milisekunde. Unaweza kwenda sekunde nzima.

Sikuutegemea usiku wa wiki ya pili. Meseji zilianza kuja mlango ukiwa umefungwa. Saa tano, saa nane, saa tisa kasoro. Shangazi anamtuma mlinzi, mlinzi anakuta kufuli lake, anarudi akinung'unika. Usiku wa tatu akanipigia saa nane na robo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kufuli liko, mlango umefungwa, na simu inasema umefunguliwa. Jirani ananiambia hii si bure, ni chuma ulete inakuja kuchungulia mali."

Nikamwambia chuma ulete haipitii pini namba 2. Hakucheka.

Jumamosi nilikwenda nikajifungia stoo. Nilipindua kreti, nikakaa, simu mkononi, macho kwenye mlango. Joto la mle ndani, jasho linatiririka mpaka kwenye soksi. Dakika ishirini, kimya. Halafu friza iliyo kwenye kona ikashtuka, kompresa ikaunguruma, chupa kwenye kreti ya juu zikagongana kidogo, ting, ting, na sekunde chache baadaye simu ikatetemeka: STOO: MLANGO UMEFUNGULIWA. Mlango ulikuwa mbele ya pua yangu, umefungwa.

Nikafuata waya kwa macho. Mita kumi na mbili kutoka mlangoni hadi kwenye boksi, na ili ukuta upendeze nilikuwa nimeufunga bega kwa bega na waya wa umeme wa friza. Nilifanya mwenyewe, tena kwa vibanio vizuri kabisa. Kila kompresa ikiwaka au kuzima, msukosuko wa umeme unaruka kwa jirani. Ni kitu cha maikrosekunde, mdundo mmoja mwembamba, lakini pini namba 2 haikuulizi ni mwembamba au mnene.

Fundi mmoja wa redio Kariakoo, mzee rika la baba yangu, alinisikiliza mkasa huo huku akipuliza vumbi kwenye amplifaya ya mtu. "Waya mrefu ni antena, kijana," akasema. "Hukuutuma usikie. Unasikia tu."

Jambo lililoniuma ni kwamba ile programu yangu ya kwanza, ya kishamba, haikuwahi kuona chuma ulete hata mara moja. Isingeweza kwa urahisi. Mdundo wa maikrosekunde unapita kati ya mtazamo na mtazamo. Mimi niliiondoa nikaweka sikio kali linalosikia hodi, kikohozi, na paka anayepita, halafu nikaliamini kwa kila kitu. Intarapti haikuniambia mlango umefunguliwa. Iliniambia pini imeguswa. Kutoka hapo hadi kwenye mlango nilijaza mwenyewe. Na hakuna nyumba inayochinja kuku kwa kusikia hodi tu. Kwanza unaenda kuangalia ni nani.

Kwa hiyo nikarekebisha sehemu mbili. Ukutani, nikautenga waya wa sensa na wa friza, nikausokota na mwenzake wa GND, nikazima rezista ya ndani ya kuvuta juu na kuweka ya nje ya kiloohmu 10. Kabla ya pini nikaweka njiani rezista nyingine ya kiloohmu 10 na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda GND. Hizo mbili kwa pamoja zinataka kama milisekunde moja ndipo zishawishike, na mdundo wa maikrosekunde hauna subira hiyo. Kwenye programu, kihesabu nikakitupa, bendera ikarudi. Hodi ikigonga, lupu inangoja milisekunde 50, inaisoma pini yenyewe, inalinganisha na hali inayoijua. Hakuna mabadiliko, hakuna habari. Yakiwapo, inaandika tukio na saa yake, kisha inapuuza kelele kwa nusu sekunde. Kuhusu malori nusu sekunde haitoshi kila siku, na nimeiacha hivyo hivyo. Dawa ya mlango unaochezacheza ni bawaba.

Ile kazi ya kutuma meseji nayo nikaivunja vipande vipande: tuma amri, rudi kwenye lupu, angalia kama jibu limekuja, rudi kwenye lupu. Shangazi akafungua mara mbili harakaharaka, meseji zikaja mbili. Ndipo nikagundua kitu cha kuchekesha. Lupu ikishakuwa haisimami popote, intarapti haina kazi. Niliifuta nikarudisha kuchungulia, kila milisekunde tano, na kifaa kikafanya kazi vizuri kuliko wakati wowote. Miezi mitatu ya hodi nikaifuta kwa kitufe kimoja.

Ingebaki imefutwa kama umeme usingekatika. Siku moja ulikatika kutwa, usiku kucha, na kesho yake pia. Uno na vikorombwezo vyake inakula kama miliampea 45 hata ikiwa haifanyi lolote. Betri ya 2000 mAh inaimaliza chini ya siku mbili, ukiacha moduli ya simu. Usiku wa pili stoo haikuwa na mlinzi wa aina yoyote. Nikahamia kwenye Pro Mini, Arduino ndogo ya volti 3.3, nikaikwangua taa yake ya umeme kwa ncha ya kisu, moduli ya simu nikaikatia umeme kwa mosfeti, swichi inayoamriwa na chipu, mpaka itakapohitajika. Na chipu nikailaza. ATmega328P, ndiyo chipu yenyewe, ikilala usingizi mzito kwa volti 3 kwa kawaida haifikishi hata maikroampea moja, mradi umezima na ile saa yake ya ulinzi, inayoiwasha upya ikikwama. Aliyelala hawezi kuchungulia. Hapa sasa hodi ni lazima, ndiyo kitu pekee kinachoweza kumwamsha.

Nikapima. Nilitegemea maikroampea chache, mita ikasoma zaidi ya 330. Nikadhani chipu hailali, nikaigeuza programu juu chini usiku mzima. Alfajiri nikapiga hesabu ambayo ningeipiga jioni: volti 3.3 kugawa kwa ohmu 10,000 ni miliampea 0.33. Mlango wa stoo unakaa umefungwa karibu saa zote, na ukiwa umefungwa, sensa inaunganisha, na umeme unapita kwenye rezista yangu ya kuvuta juu bila kupumzika. Chipu imelala fofofo, rezista iko macho. Nikaweka ya kiloohmu 100, ikashuka hadi 33. Waya unakuwa rahisi zaidi kudanganywa hivyo, lakini kapasita ipo, na yule anayeangalia baada ya hodi yupo.

Bado kulikuwa na usiku mmoja, katika wiki tatu, ambapo mlango ulifunguliwa na kifaa kikakaa kimya. Mmoja tu. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyepata udaktari mwaka 1959 kwa kazi yake juu ya kompyuta ya Electrologica X1, iliyokuwa na intarapti, alikuja kusimulia kwamba hicho ndicho kilichomtisha tangu mwanzo: kosa linalotegemea hodi imegonga wakati gani hulipati tena ukilitafuta. Langu nililipata kwa kusoma programu kwa kidole, mstari kwa mstari. Ilikuwa inauliza, "Kuna hodi?" Hakuna. "Haya, lala." Hodi ikigonga katikati ya hayo maneno mawili, wakati unavuta shuka, bendera inapanda na chipu inalala hivyo hivyo, bendera juu. Sasa iko hivi:

```
noInterrupts();
if (!hodi) {
  sleep_enable();
  interrupts();
  sleep_cpu();
  sleep_disable();
}
interrupts();
```

Unaziba masikio, unaangalia bendera, unazibua, unalala. Inaonekana kama pengo lile lile limehama tu, ila sivyo: kwenye chipu hizi, amri moja inayofuata baada ya kuruhusu intarapti lazima itekelezwe kwanza kabla ya hodi yoyote kusikilizwa, na amri hiyo hapa ndiyo ya kulala. Kwa hiyo hodi iliyokuwa inasubiri inamkuta ndiyo kwanza amelala, na inamwamsha.

Tangu hapo stoo imetulia. Shangazi hajaniita usiku tena, ila wiki iliyopita aliniita mchana. Vijana wa dukani wanaacha mfuniko wa friza wazi, maji ya baridi yanakuwa maji ya bomba, na anataka na hiyo ifungwe "ile hodi". Nikamwambia friza haihitaji hodi. Iko kwenye umeme muda wote, hakuna anayelala pale, na mfuniko uliosahaulika si habari mpaka upite dakika mbili. Nitachungulia kila nusu sekunde, nihesabu, basi, tena nitaweka king'ora kidogo badala ya meseji.

"Sawa mwanangu," akasema, na sidhani alisikia hata neno moja. "Ijumaa itakuwa tayari?"